Custodiar: kitenzi cha Kihispania kinachowaponza wanafunzi, na namna ya kukinyoosha

Mwaka juzi mwanafunzi wangu mmoja, kijana anayeongoza watalii upande wa Arusha, alimwambia mgeni wake kutoka Madrid: *Señora, yo custodio su botella en el carro.* Alikusudia kusema, "Mama, chupa yako nakuwekea kwenye gari." Yule mama alicheka mpaka akashika kiti cha mbele. Sarufi haikuwa na kosa. (Kwa mtu wa Madrid *carro* ni mkokoteni, gari ni *coche*, ila hilo tuliache.) Alichosikia yeye ni kwamba chupa ya maji ya nusu lita imewekewa lindo.

*Custodiar* ni neno la kiofisi. Utalikuta kwenye hukumu za mahakama, taarifa za polisi, mikataba ya benki na vibandiko vya makumbusho. Mezani watu wakila hulisikii, labda mtu akiwa anatania. Kwa kuwa nasahihisha kazi za waongozaji watalii na wafasiri wanaoanza, makosa ya neno hili nayaona kila muhula, na karibu yote yanatoka kwenye shina moja: kamusi ndogo inasema "linda, hifadhi", mwanafunzi anachukua moja kati ya hayo mawili, anaondoka.

Kwa maoni yangu neno letu linalolikaribia zaidi si kitenzi, ni nomino: amana. *Custodiar* ni kukaa na kitu kama amana. Kina thamani au kina hatari, umekabidhiwa, na kikipotea utaulizwa wewe.

Chukua picha ya *Guernica*. Picasso aliichora mwaka 1937, na kwa miongo kadhaa ikatunzwa na makumbusho ya MoMA huko New York, mwenyewe akiwa ameweka sharti kwamba isirudi Hispania mpaka uhuru wa raia urejee. Ikarudishwa Septemba 1981. Kuhusu miaka hiyo yote Mhispania atasema *el MoMA custodió el cuadro*. Haikuwa mali ya makumbusho, ilikuwa amana, na siku ilipodaiwa ikatolewa. Ilipofika Madrid ikatundikwa Casón del Buen Retiro nyuma ya kioo kisichopenya risasi, na polisi wakiwa pembeni: *la Guardia Civil custodiaba el cuadro*. Kitenzi kilekile. Kiswahili kinakutaka uchague: huko New York ilitunzwa, huku Madrid ililindwa. Kihispania hakikutaki uchague, na hapo ndipo tunapoanza kuteleza.

Sentensi haina kosa, lakini wanacheka au wanakunja uso

Hii ndiyo dalili ya kijana wa chupa, na ndiyo inayojitokeza kuliko zote. Chanzo ni uzito wa neno. Kabla hujaandika *custodiar*, jiulize: kikipotea hiki, kuna mtu ataitwa kujieleza? Kama jibu ni "hapana, nitanunua kingine", weka neno jepesi.

Nguo kabatini, faili kwenye kompyuta, risiti mfukoni, kiti unachomwekea rafiki: vyote hivyo ni *guardar*. Mtoto, mgonjwa, bustani, afya yako mwenyewe: *cuidar*. Kukodolea kitu macho kisiibiwe wakati mwenyewe amekwenda msalani: *vigilar*. Ukiwa stendi Sevilla na unataka jirani yako aangalie begi, sema *¿Me vigilas la mochila un momento?* au kwa lugha ya mtaani kule, *échale un ojo a la mochila*. Ukimwambia *custodie mi mochila* atajiuliza umebeba nini humo ndani, na sitamlaumu.

Kosa la upande wa pili ni dogo lakini lipo. Mfasiri anaogopa neno kubwa, anaandika *guardar* kila mahali, na tafsiri ya mkataba inasomeka kama barua ya shangazi. Tuseme unaandika juu ya Archivo General de Indias, nyaraka za utawala wa Hispania huko Amerika na Ufilipino, zilizokusanywa Sevilla kwa amri ya mfalme Carlos III mwaka 1785. Ni majalada yapatayo 43,000, kurasa kama milioni 80. Unaweza kuandika *el archivo guarda* na hakuna atakayekusuta. Lakini *el archivo custodia* inaongeza kitu ambacho *guarda* haina: kwamba kuna taasisi, kuna sheria, kuna mtu mwenye funguo, na hutoki na karatasi chini ya koti.

Waongozaji watalii huniuliza kama neno hili lina kazi yoyote porini. Linayo. *Los guardas custodian a los rinocerontes día y noche.* Faru ana thamani, ana wawindaji wanaomtafuta, na kuna mtu atakayeulizwa asubuhi akikutwa hayupo. Kwa swala granti elfu moja waliotapakaa mbugani, *proteger* inatosha.

Nikilitamka wananiambia "¿cómo?"

Hapa tatizo ni Kiswahili chetu chenyewe. Sisi mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri: ki-ta-BU-ni, m-li-NZI-ni. Tukiona *custodia* tunaisoma ku-sto-DI-a, silabi nne, mkazo kwenye *di*. Mhispania anaisoma cus-TO-dia, silabi tatu, na ile *dia* inatoka kwa pumzi moja, *i* imebanwa na *a*.

Kanuni yao ni kwamba *i* isiyo na alama juu yake, ikifuatwa na *a*, *e* au *o*, humezwa. Wangetaka mkazo uwe pale wangeandika *í*, kama kwenye *envía* au *confía*. *Custodiar* haimo kwenye kundi hilo. Imo kwenye kundi la *cambiar*, *anunciar*, *limpiar* na *estudiar*, ambazo hazibebi alama hiyo katika wakati uliopo. Dawa ninayowapa wanafunzi ni hii: kila mtu tayari anajua kusema *estudia*, kwa sababu ni neno la somo la kwanza. Basi sema *estudia, custodia, estudia, custodia* kwa wimbo uleule mpaka ulimi uzoee.

Wengine hupachika irabu katikati, *kusitodia*. Hao huwa nawaambia waseme "kustarehe". Mtu anayeweza kustarehe bila kusitarehe hana kisingizio.

Ukiandika *custodía* au *custodíe*, kosa ni lilelile, limehamia tu kutoka mdomoni hadi kwenye karatasi. Futa alama.

Nimesema "mimi nalinda", wakaelewa "yeye alilinda"

*Custodio* na *custodió*. Bila alama, mkazo kwenye *to*: mimi nalinda. Kwa alama, mkazo mwishoni: yeye alilinda. Anayeandika ujumbe wa simu na kuona alama ni usumbufu anahamisha lindo zima kutoka kwake kwenda kwa mtu mwingine, na kutoka leo kwenda jana. Vivyo hivyo *custodié*, "nililinda", na *custodie*, "alinde" au "nilinde". Kwenye taarifa ya nani alikuwa zamu usiku gani, kiherufi hicho kina maana kuliko kinavyoonekana.

Hiyo *custodie*, kwa bahati nzuri, Mswahili anaielewa upesi kuliko wengi. Sisi tunasema "analinda" lakini "nataka alinde", *a* ya mwisho imegeuka *e*. Wao wanasema *custodia* lakini *quiero que custodie*, *a* imegeuka *e*. Bahati tu, lugha hizi si ndugu, ila nimewaona wanafunzi wakihangaika wiki tatu na *subjuntivo*, yaani hali hii ya kitenzi, bila mtu kuwaambia kwamba "alinde" wanayo tangu utotoni.

Ukisikia *vos custodiás*, mkazo mwishoni, hujakosea kusikia. Huenda unazungumza na Mwajentina au Muuruguai.

Nimeandika "kulinda dhidi ya wezi", mwalimu akaweka mstari mwekundu

*Custodiar contra los ladrones* ni "kulinda dhidi ya" iliyovalishwa nguo za Kihispania. Kitenzi hiki kinaishia kwenye kitu kinacholindwa. Adui hatajwi. Ukitaka kumtaja, tumia *proteger*: *proteger la casa de los ladrones*.

Na kinacholindwa kikiwa ni mtu, weka *a*: *custodiar el oro*, lakini *custodiar a los presos*, *custodiar al testigo*. Ndiyo maana kwenye mfano wa faru niliweka *a los rinocerontes*. Kwa wanyama si lazima, ila mnyama anayethaminiwa kama mtu huwa anapewa.

Polisi wamemkamata mtu, nami nikaandika *lo custodiaron*

Chanzo cha kosa hili kiko kwenye Kiswahili cha askari. Askari wetu akikuambia "Uko chini ya ulinzi!", amekukamata. Mwanafunzi anaichukua "chini ya ulinzi", anaona *custodia* ni ulinzi, anaandika *queda bajo custodia*. Polisi wa Hispania anayekamata husema *queda detenido*. Kitenzi cha kukamata ni *detener* au *arrestar*. *Custodiar* huja baadaye, wakati mtu amekwisha kukamatwa na kazi iliyobaki ni kuhakikisha hatoroki na hadhuriki.

Kwa hiyo "Jeshi la Polisi linamshikilia mtu mmoja" huwa *la policía tiene detenido a un hombre*. Kukaa huko kuna kikomo: Katiba ya Hispania, ibara ya 17, inataka aliyekamatwa aachiwe au afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 72. Akiisha kupelekwa rumande kwa amri ya hakimu, neno ni *prisión provisional*.

*Bajo custodia policial* ina mahali pake maarufu kwenye magazeti yao. Mtuhumiwa amejeruhiwa wakati wa tukio, amepelekwa hospitali, na mlangoni pa wodi kuna askari kwenye kiti cha plastiki: *permanece ingresado bajo custodia policial*. Ukiikuta sentensi hiyo, tafsiri "amelazwa chini ya ulinzi wa polisi" na uendelee. Hapo Kiswahili na Kihispania vinakubaliana kabisa.

Angalia pia nani anaitwa *custodio*, maana hubadilika kwa kila nchi. Meksiko, *custodio* ni askari magereza. Kuba, ni mlinzi wa getini, yule wa ghala au ofisi. Ajentina, ni mlinzi binafsi wa mkubwa, na *la custodia del presidente* ni kikosi kizima kinachomzunguka. Hispania kwenyewe askari magereza ni *funcionario de prisiones*. Mfasiri asiyeuliza habari imetoka nchi gani anaweza kumpandisha cheo mlinzi wa ghala akawa mlinzi wa rais.

Neno *custodia* limetokea, na hakuna kinacholindwa

Dalili hii huwachanganya hata waliobobea. Unasoma juu ya Toledo na sikukuu ya Corpus Christi, unakuta *la custodia sale en procesión*, unaandika "ulinzi unatoka kwenye maandamano". Sivyo. Hiyo *custodia* ni chombo cha kanisani, kile Wakatoliki wa kwetu wanachokiita monstransi, kinachobeba Ekaristi ili waumini waabudu. Ile ya Toledo ni mnara wa fedha na dhahabu uliosanifiwa na sonara Enrique de Arfe, ukakamilika mwaka 1524, na ni mrefu kuliko mtu. Jina linaeleweka ukirudi kwenye amana: chombo kinatunza kile ambacho kwa waumini hakuna cha thamani zaidi yake.

Ukishuka kwenye basi Chile na begi zito, ukaona kibao *Custodia*, hapo si polisi wala kanisa. Ni mahali pa kuacha mizigo kwa malipo. Kituo cha treni Hispania kibao hichohicho kingesema *consigna*. Na kwenye taarifa ya benki, *comisión de custodia* ni ada unayokatwa kwa sababu benki inakutunzia hisa au dhamana zako.

Kisha kuna *custodia* ya watoto, na hapa naomba utulie, kwa sababu tafsiri mbaya humgusa mtu mwenye maumivu. Wazazi wakiachana Hispania, hakimu huamua *guarda y custodia*: mtoto ataishi na nani siku kwa siku. Ikiwa kwa zamu, ni *custodia compartida*, ambayo iliingizwa wazi kwenye Sheria ya Madai yao kwa marekebisho ya mwaka 2005. Hiyo ni tofauti na *patria potestad*, mamlaka ya mzazi juu ya mtoto: shule gani, matibabu gani, asafiri au asisafiri. Mzazi anaweza kukosa *custodia* na bado akawa na *patria potestad* kamili.

Nilimwona mfasiri akiandika kwamba baba "amenyang'anywa haki zote juu ya mtoto" wakati hukumu ilisema tu kwamba mtoto atakaa kwa mama. Anayejua fikihi ya Kiislamu anayo njia ya kukumbuka: hadhana, yaani kumlea na kukaa naye, iko karibu na *custodia*, uwalii, yaani kusimamia mambo yake, uko karibu na *patria potestad*. Havilingani kisheria, usiviandike kimoja mahali pa kingine kwenye waraka wa mahakama. Lakini kichwani vinakuzuia usivichanganye. Kwenye waraka mimi huandika "malezi ya kila siku ya mtoto" na "mamlaka ya mzazi".

Usitafute neno *custodia* kwenye kila hukumu ya Amerika ya Kusini. Peru inasema *tenencia*. Ajentina, tangu sheria mpya ya madai ianze kutumika 2015, inasema *cuidado personal*, na Chile vilevile *cuidado personal*. Kolombia huweka yote mawili, *custodia y cuidado personal*, kama mtu aliyevaa mkanda na kamba ya suruali pamoja.

Nyaraka "zinahifadhiwa" na mtendaji hajulikani

Kiswahili kinasema "zinahifadhiwa Simancas", kwenye hifadhi ya nyaraka huko Hispania, na msomaji hajali nani anahifadhi. Mwanafunzi huandika *son custodiados en Simancas*. Si kosa la kufukuzwa darasani, ila linanuka tafsiri. Andika *se custodian en Simancas*, na kitu kikiwa kimoja, *se custodia*. Ukitaka kumtaja mtunzaji ndipo urudi kwenye *custodiado por*: *un archivo custodiado por el Estado*.

Na *cadena de custodia*? Nimeiona ikitafsiriwa "minyororo ya mahabusu", na nilihitaji dakika kadhaa kurudi kwenye hali yangu. Ni kumbukumbu ya kila mkono uliogusa kielelezo tangu kilipookotwa eneo la tukio mpaka kinapowekwa mezani mahakamani: nani alikichukua, saa ngapi, alikifunga vipi, alimkabidhi nani, nani alisaini. Pengo moja tu, wakili wa upande wa pili ana pa kuingilia. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wakiieleza *cadena de custodia* bila kujua. Mimi huandika "mfululizo wa makabidhiano ya kielelezo". Ni refu, najua.

Programu ya kutafsiri imegusa jina la mtu

Kwa Kihispania malaika mlinzi ana majina mawili. Kwenye sala ya watoto kabla ya kulala ni *ángel de la guarda*. Kwenye kalenda ya kanisa ni *ángel custodio*, na tarehe 2 Oktoba, sikukuu ya malaika hao, ndiyo pia siku ya Polisi ya Taifa ya Hispania, kwa kuwa malaika hao ndio wasimamizi wake wa kiroho. Na kwa kuwa Wahispania hawaoni haya kumpa mtoto jina la sikukuu, wapo wanaume wazima, wenye mvi na pasipoti, wanaoitwa Ángel Custodio.

Kampuni moja ya utalii ilipokea orodha ya wageni, mtu ofisini akaipitisha yote kwenye programu, safu ya majina ikiwemo. Asubuhi dereva alisimama nje ya uwanja wa ndege ameinua karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa MALAIKA MLINZI. Watu wakampita, baadhi wakimpiga picha. Mzee mmoja alisimama mbele yake na begi la magurudumu, akaisoma karatasi mara mbili, akaendelea kutafuta jina lake.